Alama ya Shangazi

"Ukikoroga hivyo itamwagika," msimamizi alisema bila kugeuka. "Taratibu. Hiyo rangi ni ya watu."

Fundi akapunguza mkono. Lilikuwa kopo jipya la rangi nyekundu ya mafuta, nzito, ile ambayo ukikosea nayo umekosea. Haifutiki kwa kitambaa wala kwa majuto. Alikoroga kwa kijiti, macho chini. Hakutaka kuinua uso. Lori lilikuwa limewashusha dakika tano zilizopita, na kwa dakika zote tano alikuwa akijidanganya kwamba mitaa hufanana, kwamba kila mtaa una mtaro uliojaa taka na nguzo ya umeme iliyoinama, kwamba si lazima uwe ndio huu. Lakini ulikuwa ndio huu. Ulikuwa mtaa aliozaliwa, na hakuwa ameukanyaga kwa miaka kumi na minne, tangu walipomzika mama yake.

"Mimi natangulia na kamba na chaki," msimamizi akaendelea. Alikuwa mtu mwembamba, kofia yake ngumu ya njano imemzidi kichwa. "Barabara inapanuliwa hatua kumi na nne kutoka katikati. Kila jengo lililomo ndani ya hatua hizo naliandika namba kwa chaki. Wewe unafuata nyuma, unaweka X kubwa na chini yake namba ileile. Basi. Usinichoree maua."

"Sichori maua."

"Waandika mabango nawajua mimi."

Kwa miaka ishirini na sita fundi alikuwa ameandika majina ya maduka, ya saluni, ya mabucha, ya shule za chekechea zilizokufa kabla rangi haijakauka. Aliweza kuandika herufi S kwa mkupuo mmoja, bila kupima, ikakaa wima na tumbo lake mbele. Kisha zikaja mashine za kuchapisha mabango kwenye turubai, asubuhi unaagiza, mchana unatundika, na picha ya mwenye duka juu. Tangu hapo alikuwa akipaka kuta za vyoo na mageti ya watu. Kazi hii ya siku nne aliipata kwa rafiki, akaikubali bila kuuliza ni wapi. Mchagua jembe si mkulima.

Namba moja ilikuwa ukuta wa karakana. Namba mbili, nyumba ya kupangisha. Akaweka X, akaweka X. Mkono ulijua kazi, kichwa kilikuwa mahali pengine.

Namba tisa lilikuwa duka la Mzee Nusu. Mwenyewe alishakufa, lakini kaunta yake ya mbao ilikuwepo bado, imeliwa upande mmoja na waya aliokuwa akikatia sabuni. Mzee Nusu alikata kila kitu. Aliuza nusu mkate, robo mche wa sabuni, nusu mshumaa. Kuna mwaka aliuza nusu daftari: alilichana katikati, na watoto wawili wa nyumba moja wakaenda shule, mmoja akianzia ukurasa wa kwanza, mwingine wa thelathini na tatu. Fundi ndiye aliyeanzia wa thelathini na tatu. Mwalimu alipomuuliza kurasa nyingine zimekwenda wapi, alijibu kwamba zimo darasa la pili, kwa dada yake. Alichapwa, lakini hata mwalimu alicheka wakati anachapa.

Binti wa Mzee Nusu alisimama mlangoni, mikono kiunoni, akimtazama anavyochovya brashi.

"Weka kubwa," alimwambia. "Usione haya. Weka kubwa waione vizuri."

Akaweka kubwa. Binti hakumtambua, na fundi hakujitambulisha. Alishukuru, kisha akajiona mshenzi kwa kushukuru.

Namba ishirini na mbili ilikuwa kwa Mzee Kesho, naye alikuwa hai, amekaa kibarazani na fimbo katikati ya magoti. Katika maisha yake yote ya biashara hakuwahi kuwa na kitu ulichotumwa. Sukari? Kesho. Mafuta? Kesho, mwanangu, yako njiani. Watu waliendelea kwenda kwa sababu alikuwa na redio, na kwa sababu kuahidi aliahidi vizuri. Watoto walikuwa wakichungulia dirishani, wanapaza sauti, "Mzee, kesho imefika?" halafu wanatimua mbio. Fundi naye alipaza sana.

"Mmekuja leo?" Mzee Kesho aliuliza alipoona brashi. "Si mngekuja kesho?"

Akacheka peke yake. Kisha akaacha kucheka na kumkazia macho.

"Wewe ni mtoto wa yule mama mfua nguo."

"Ndiye mimi, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Walikosa wa kumtuma, wakakutuma wewe?"

Fundi aliweka X ukutani, karibu kabisa na kichwa cha mzee, na mzee hakusogeza kichwa.

"Huko mbele yupo Shangazi," Mzee Kesho alisema. "Unajua kwamba yupo."

"Najua."

"Haya. Nenda ukamsalimie na rangi yako."

Hakuwa shangazi wa mtu yeyote, ndiyo maana alikuwa wa wote. Duka lake lilikuwa chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia: mbele bidhaa, nyuma kitanda. Dirisha la kuuzia lilikuwa na wavu wa chuma, na chini yake tundu la kupitishia mkono. Fundi alianza kutumwa pale akiwa mfupi kuliko kaunta. Alichokiona Shangazi kwa ndani kilikuwa kidole tu, kimeinuka hewani, kinaelekeza rafu. Akamwita Kidole, na jina likamganda hadi alipohama mtaa.

Watoto walitumwa vitu vitatu na kuvikariri njia nzima: chumvi, kiberiti, majani, chumvi, kiberiti, majani. Ukijikwaa jiwe, kimoja kilidondoka na hukukipata tena. Kwa Shangazi hilo halikuwa tatizo. "Mama anapika nini leo?" angeuliza. "Maharage? Basi ni chumvi. Majani alichukua juzi." Hakujua kusoma, alizijua bidhaa zake kwa rangi na picha, lakini nyumba za watu alizisoma zote. Alijua nani ana mgeni, nani amegombana na mumewe, nani anaficha mimba, na hayo yote kwa unachonunua na usichonunua.

Fundi alipokuwa na miaka tisa, alikwenda siku tatu mfululizo kununua vidonge vya maumivu, na siku hizo tatu hakununua unga. Siku ya tatu Shangazi hakumpa kitu. Alimuuliza, "Mama ameamkaje?" Akajibu kwamba mama hajaamka. Shangazi akashusha dirisha saa sita mchana, jambo ambalo mtaa haukuwahi kuliona, akatoka na kanga begani, akambeba mama yake mgongoni hadi zahanati. Mwanamke yule mdogo wa mwili, mgongoni amebeba mtu mzima, na mtoto anakimbia nyuma na viatu vya mama mkononi. Mama yake aliishi miaka ishirini na moja zaidi baada ya siku ile.

Na herufi zake za kwanza fundi alijifunza palepale, kwenye makopo. Alimsomea Shangazi maandishi, kisha akawa anayanakili kwa mkaa kwenye ukuta wa nje. Mwenye duka mwingine angemkata masikio. Shangazi alimwambia tu, "Ukikua utaniandikia kwa rangi isiyofutika." Akaahidi. Akakua, akawaandikia wauza nyama, vinyozi na wakopeshaji, watu ambao hata chai hawakumpa. Yeye hakumwandikia. Kila mwaka alisema mwaka ujao, na hakuwa na tofauti yoyote na Mzee Kesho.

Namba ya Shangazi ilikuwa thelathini na moja. Msimamizi alishaiandika kwa chaki kando ya dirisha, akasonga mbele, na sasa alikuwa ameketi mbali kule chini, anapiga simu, mgongo ukiwa huku.

Fundi alisimama na brashi. Ukuta ulikuwa na plasta iliyopasuka, lakini umefagiliwa. Kuna watu wanafagia hata kuta.

"Nani huyo anasimama bila kununua?" sauti ilitoka ndani ya wavu.

"Shikamoo, Shangazi."

Kiti kikaburutwa. Mlango wa pembeni ukafunguka, akatoka kikongwe mdogo kuliko yule wa kumbukumbu, macho yake yana ukungu, mkono mmoja unashika fremu.

"Marahaba. Hebu sema tena."

"Shikamoo, Shangazi."

"Kidole!" Akacheka mpaka akashika kifua. "Kidole, ndevu umeziota lakini sauti ni ileile. Na hiyo harufu? Rangi?"

"Ni rangi, Shangazi."

"Umekuja kuniandikia duka langu." Hakuuliza. Alilisema kama mtu anayepokea mzigo aliouagiza zamani. "Nilijua. Watu waliniambia, yule amekuwa fundi mkubwa, hana habari na wewe. Nikasema atakuja. Nimeshazeeka, lakini si amekuja? Andika. Mimi sitakusumbua. Ila andika kubwa, maana wateja siku hizi wanapitiliza."

Pale ndipo angeweza kusema. Alilifikiria baadaye mara nyingi, akiwa amelala, akiwa anakula, kwamba maneno yalikuwa machache tu: Shangazi, duka linabomolewa. Mtoto wa darasa la pili angeyasema. Yeye alifungua mdomo na kusema, "Sawa, Shangazi. Rudi ndani, jua kali."

Aliingia ndani. Fundi alitazama kule chini. Msimamizi bado alikuwa na simu yake. Kati ya duka la Shangazi na kibanda cha kinyozi palikuwa na kipande cha ukuta uliobomoka, wa nyumba iliyoungua zamani, magugu yamemea juu yake. Akili yake ilifanya hesabu ya mtu anayezama. Alilowanisha kitambaa, akaifuta namba ya chaki kwenye duka. Akaenda kwenye gofu lile, akaweka X, na chini yake thelathini na moja. Kinyozi alikuwa thelathini na mbili. Hakuna namba iliyoruka, wala aliyepunjwa. Kisha akarudi ukutani kwa Shangazi, akavuta pumzi, na kwa rangi ileile nyekundu akaandika: DUKA LA SHANGAZI.

Aliandika kama alivyokuwa akiandika zamani, kabla ya mashine. Alizipa herufi kivuli. S aliivuta kwa mkupuo mmoja, ikakaa wima. Alisahau kofia ya njano, akasahau barabara. Kwa dakika ishirini alikuwa na furaha, na hilo ndilo ambalo baadaye lilimuuma kuliko yote.

"Pameandikwaje?" Shangazi aliuliza kutoka dirishani.

Akamsomea.

"Soma tena."

Akamsomea tena. Shangazi alitoka na soda ya baridi, akaifungua mwenyewe kwa meno yaliyobaki, akasimama hapo kuhakikisha ameimaliza. Jioni msimamizi alihesabu makopo, akaona namba ya mwisho ni hamsini na nane kama ilivyokuwa kwenye karatasi yake, akasema kazi safi. Kwenye lori, fundi alikaa kando ya makopo matupu na kujisikia mwanaume kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu. Kichwani mwake mambo yalikuwa rahisi: chenye X kinabomolewa, kisicho na X kinabaki. Hakuna aliyemwambia hivyo. Alijiambia mwenyewe, akajiamini.

Wiki ya tatu baada ya kazi ile alikutana na Mzee Kesho kwenye foleni ya maji, ameshika bahasha kifuani.

"Wote wenye X tumeitwa ofisini," mzee alimweleza. "Alikuja karani na kamera, akapiga picha kila alama, akatuingiza kwenye kitabu. Sasa wametupa karatasi. Kila mmoja ana kibanda katika soko jipya, na lori la kuhamishia vitu. Kibanda kidogo, lakini kina mlango. Mimi nasema heri nusu shari."

"Na Shangazi?"

"Shangazi hakuitwa. Ana bahati yake yule. Ana jina ukutani, sisi tuna X. Kila anayepita anamwita amsomee. Hata mimi amenisomesha mara mbili." Mzee alitabasamu, kisha tabasamu likachelewa kuondoka usoni. "Ila kuna kitu sielewi, mwanangu. Barabara itapitaje hapo? Itamzunguka?"

Fundi alitoka kwenye foleni. Aliacha ndoo, akapitia mkoba wake wa kazi. Hatua kumi na nne zilikuwa hatua kumi na nne. Barabara haijui kusoma. Na yeye, mtu aliyekula maisha yake yote kwa kuandika, alikuwa amesahau jambo ambalo kila mwenye duka aliyemlipa alilijua: usipoandikwa, hupo.

Ofisini, karani alikuwa mama wa makamo, miwani imefungwa kamba shingoni, na hakuwa mkali. Angekuwa mkali ingekuwa afadhali. Alifungua kitabu, akakigeuza ili fundi aone.

"Thelathini, fundi baiskeli. Thelathini na moja, ukuta uliobomoka, hauna mwenyewe. Thelathini na mbili, kinyozi. Hilo duka lako liko wapi?"

"Liko kati ya thelathini na thelathini na moja."

"Hapa katikati hakuna kitu, baba."

"Kipo. Yumo mama mzee, anauza, analala humohumo. Namba ilikuwa yake. Mimi ndiye niliyeifuta."

Karani alivua miwani. Fundi akaeleza yote, kitambaa, gofu, herufi, kivuli cha herufi, hadi soda. Alijisikia mjinga alipofika kwenye soda.

"Mlipopiga picha hamkuona duka?" akauliza mwishoni, sauti imempanda. "Limeandikwa!"

"Tuliliona. Tulifikiri ni duka jipya, limeandikwa juzi baada ya tangazo. Kuna watu hujenga haraka ili walipwe. Duka la zamani lenye rangi mbichi, nani angeamini?" Alisema hivyo kwa upole. "Kitabu kilipigwa muhuri Ijumaa. Vibanda vyote vina watu."

"Basi niandike mimi. Andika kwamba ni kosa langu."

"Nikuandike wapi?" Karani alipitisha kidole juu ya safu za kitabu, moja baada ya nyingine: namba, jengo, mwenyewe, sahihi. "Humu hakuna pa kuandika kosa."

"Tingatinga linaanza lini?"

Karani alitazama saa ya ukutani, na fundi akaondoka kabla hajajibiwa.

Tingatinga lilianzia upande wa juu, na fundi alipofika, karakana haikuwepo. Palikuwa na vumbi na watu wamesimama mbali. Duka la Mzee Nusu lilikuwa tupu, milango imeshang'olewa na binti yake. Malori ya soko jipya yalikuwa yamekwishapita. Mtaa mzima ulikuwa umehama, kila nyumba midomo wazi, isipokuwa dirisha moja lenye wavu, wazi, na ndani yake sabuni zimepangwa, na viberiti, na mishumaa mizima.

"Kidole," Shangazi alisema aliposikia miguu yake. "Leo wateja hakuna. Wote wanahangaika na kuhama. Hebu nisomee, kuna vumbi, sijui kama bado inaonekana."

"Shangazi, toa vitu nje. Nitakusaidia. Tuanze na godoro."

"Nitoe kwa nini? Mimi sina X."

"Shangazi."

"Walioandikiwa wameondoka. Mimi nimeandikiwa jina."

Fundi alishika wavu kwa mikono miwili, kwa nje, mahali alipokuwa akining'inia alipokuwa mtoto, na akamwambia. Alimwambia yote bila kupamba, kwa sababu hapakuwa na muda wa kupamba. Alimwambia kwamba namba ilikuwa yake, kwamba namba ndiyo iliyokuwa kibanda na lori, kwamba aliifuta kwa kitambaa chenye maji wakati Shangazi yuko ndani. Shangazi alisikiliza uso ukiwa umeelekea pembeni kidogo, sikio mbele, kama alivyosikiliza watoto waliosahau walichotumwa.

"Kwa hiyo ile alama ilikuwa yangu," alisema.

"Ilikuwa yako."

"Ukaniondolea."

"Nilidhani nakuokoa, Shangazi. Wallahi nilidhani nakuokoa."

Shangazi alipapasa kaunta, akaokota punje ya kitu, akaidondosha chini.

"Hukuniuliza," alisema. Sauti yake haikupanda. "Miaka yote ile unakuja hapa, mimi nilikuwa nauliza. Mama anapika nini. Mama ameamkaje. Sikuwahi kukupa kitu bila kukuuliza, hata ulipokuwa kidole tu. Wewe umekuja mtu mzima, na ndevu zako, hukuniuliza."

Fundi alilia. Hakuficha; nani angemwona? Kule juu kitu kizito kilianguka, vikopo rafuni vikagongana, na Shangazi akanyoosha mkono kuvituliza.

"Utakwenda wapi?" alimuuliza alipoweza kusema. "Twende kwangu. Chumba ni kimoja, lakini twende."

"Hilo baadaye." Alishusha dirisha, akalifunga kwa ndani, kitasa, kisha komeo, kama wanavyofunga wanaokusudia kufungua kesho. Akatoka kwa mlango wa pembeni, anapapasa ukuta, hadi akafika alipokuwa fundi. "Mkoba wako unao?"

"Ninao."

"Rangi ile imebaki?"

Ilikuwepo, kidogo, chini ya kopo moja alilobaki nalo tangu siku ile, imeshika ngozi juu. Aliitoboa ngozi kwa kijiti, akamimina thina, akakoroga.

"Niwekee alama yangu," Shangazi alisema.

"Haitasaidia kitu sasa. Kitabu kimefungwa."

"Nimekuuliza kama itasaidia? Wenzangu wote waliwekewa. Watu wazima waliwekewa, gofu liliwekewa. Hao wanaokuja wakifika hapa wajue palikuwa na mtu. Weka."

Alilichukua kopo, akalishika yeye kwa mikono miwili, kifuani, ili fundi abaki na brashi tu. Vumbi lilikuwa limefika kwa Mzee Kesho. Fundi alianzia juu, kushoto, kwenye D ya DUKA, akavuta hadi chini kulia, juu ya kivuli alichokipiga kwa mkono wake, juu ya ile S. Akarudi juu kulia, akavuta tena. Mistari yake ilinyooka. Mkono haukumsaliti, na aliuchukia kwa hilo.

"Tayari?"

"X tayari, Shangazi."

"Na namba?"

Alichovya brashi, akaiinua chini ya alama, akasimama. Thelathini ilikuwa ya fundi baiskeli. Thelathini na moja ilikuwa ya gofu, thelathini na mbili ya kinyozi, na kitabu kiliishia hamsini na nane. Tone la rangi lilijikusanya kwenye ncha ya brashi, likaanguka juu ya kiatu chake. La pili likafuata. Shangazi alikuwa amesimama karibu naye, kopo kifuani, macho yake yenye ukungu yameelekea ukutani.

"Nisomee," alisema. "Mimi ni wa ngapi?"